Mvua Inashuka Mita Sita, Setilaiti Inakimbia Kilomita Saba

Mwezi Juni 2024, Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, na lile la Japani, JAXA, yalichapisha picha mbili za wingu moja lililopitiwa juu ya bahari, mashariki mwa Japani, tarehe 13 ya mwezi huo. Picha ya kwanza ilikuwa ya aina ambayo wafuatiliaji wa rada za anga wameizoea tangu zamani: mkato wa wingu kutoka kileleni hadi chini, na rangi zinazoonyesha mahali ambapo mwangwi ulikuwa mkali na mahali ulipokuwa hafifu. Ya pili ilikuwa ngeni. Rangi zake hazikueleza ukali wa mwangwi bali kasi: chembe za barafu na theluji zikishuka taratibu sehemu ya juu, kisha mpaka mwembamba, na chini ya mpaka huo matone ya mvua yakidondoka kwa kasi iliyoizidi ile ya theluji mara kadhaa.

Rada iliyopima hayo inaitwa CPR, nayo imebebwa na setilaiti ya EarthCARE iliyorushwa Mei 2024. JAXA ndiyo iliyoitengeneza, ikishirikiana na NICT, taasisi ya Japani inayoshughulikia utafiti wa mawasiliano. Kabla yake zilikuwapo rada nyingine angani zilizotazama mvua na mawingu, tena kwa ustadi mkubwa, lakini hakuna hata moja iliyopima kasi ya vitu vilivyomo ndani ya wingu. Nataka kueleza kwa nini jambo hilo lilichelewa hivyo, kwa sababu nilipoanza kulichunguza, nikiwa mtu anayependa kuandika programu ndogo za kuchezea mawimbi na si mtaalamu wa hali ya hewa, nilidhani ugumu uko ndani ya mvua. Haupo huko. Upo kwenye setilaiti yenyewe.

Tuanze na kasi zinazohusika. Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 1 hushuka kwa mita 4 hivi kwa sekunde. Lile la milimita 2 hukaribia mita 6.5, na matone makubwa, ya milimita 5, hufikia mita 9 bila kuongeza zaidi, kwa kuwa ukinzani wa hewa umekwisha kulingana na uzito wake. Theluji huchukua muda wake: mita 1 kwa sekunde, au karibu na hapo. Setilaiti ya EarthCARE, iliyo kilomita 393 hivi juu ya uso wa dunia, hukata kilomita 7.6 kila sekunde. Chombo kinachopima kinakimbia karibu mara elfu moja, au zaidi ya hapo, kuliko kitu kinachopimwa. Anayetaka kuijua kasi ya theluji bila kukosea zaidi ya nusu mita kwa sekunde hana budi kuutoa mwendo wa chombo chake kwa usahihi wa sehemu moja katika elfu kumi na tano, na karibu kila kifaa, kila fomula na kila hila iliyomo katika fani hii imebuniwa kwa ajili ya kutoa huko.

Kanuni ya msingi ni ya zamani. Christian Doppler aliieleza mwaka 1842: wimbi likitoka kwenye kitu kinachosogea, masafa yake, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, hubadilika kadiri ya mwendo wa kitu hicho. CPR hutumia masafa ya gigahezi 94, yaani wimbi lenye urefu wa milimita 3.2, na kwa wimbi hilo kila mita moja ya kasi kwa sekunde hubadilisha masafa ya mwangwi kwa hezi 625 hivi. Hezi 625 ndani ya bilioni 94 haziwezi kupimwa katika mpigo mmoja wa rada, kwa kuwa mpigo wenyewe hudumu mikrosekunde 3.3 tu na kuisha kabla badiliko hilo halijaonekana. Kinachofanyika ni kulinganisha awamu ya mwangwi wa mpigo mmoja na awamu ya mwangwi wa mpigo unaofuata, awamu ikiwa ni mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka.

Chukua tone linaloshuka mita 5 kwa sekunde, na rada inayotuma mipigo 7,000 kwa sekunde. Kati ya mpigo na mpigo tone hilo husogea milimita 0.71. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, safari yake hurefuka mara mbili ya hapo, milimita 1.43, ambazo ni karibu asilimia 45 ya urefu wa wimbi. Awamu, ukiiwaza kama mshale wa saa, imezunguka nyuzi 161. Ukishaupima mzunguko huo, kasi umeipata. Bado hunishangaza kwamba kitu kilicho mbali kwa karibu kilomita 400 hujulikana mwendo wake kwa kusogea pungufu ya milimita moja, na kwamba mipigo yenyewe hufuatana kwa ukaribu kiasi kwamba, wakati mwangwi wa mmoja unapowasili, mingine kumi na kitu imekwisha tumwa na iko njiani.

Sasa iingize setilaiti katika hesabu hiyo. Katika muda uleule ambao tone limesogea milimita 0.71 kwenda chini, setilaiti imesogea zaidi ya mita 1 kwenda mbele. Antena ya CPR ina kipenyo cha mita 2.5. Maana yake ni kwamba mpigo wa pili hutumwa na kupokewa kutoka mahali tofauti na mpigo wa kwanza, tofauti inayokaribia nusu ya antena nzima, na mawimbi yanayorudi kutoka kwa mabilioni ya matone huwa yamejipanga upya. Mipigo miwili ambayo ingepaswa kufanana isipokuwa kwa mzunguko mdogo wa awamu hufika ikiwa imeanza kusahauliana.

Lipo jicho jingine la kulitazama jambo hilohilo, nalo ndilo lililonisaidia mimi. Mwale wa rada hii una upana wa nyuzi 0.095 tu, lakini ukifika chini huwa umetanuka hadi mamia ya mita. Sehemu ya mbele ya mwale hutazama kule setilaiti inakokwenda, na sehemu ya nyuma hutazama kule inakotoka. Tone lililotulia kabisa kwenye ukingo wa mbele linakaribiwa na setilaiti, kwa hiyo rada huliona kana kwamba linapanda kwa mita 6 hivi kwa sekunde. Lililo kwenye ukingo wa nyuma linaachwa, kwa hiyo huonekana linashuka kwa kiasi hichohicho. Mwale mzima hurudisha mchanganyiko wa kasi zisizo za kweli, wenye mtawanyiko wa karibu mita 4 kwa sekunde, hata pale ambapo hewa imetulia na hakuna kitu kinachosogea.

Hapo ndipo nilipojifunza somo langu kwa njia ndefu. Niliandika programu ya kuigiza rada inayopita juu ya kitalu cha mvua kisichosogea, yaani matone niliyoyagandisha hewani kwa makusudi ili nione kama hesabu zangu zitanipa sifuri. Katikati ya kitalu nilipata sifuri. Upande ambao mwale uliingilia nilipata hewa inayopanda kwa mita kadhaa kwa sekunde, na upande wa kutokea nilipata hewa inayoshuka kwa kiasi kilekile. Ilikuwa picha nzuri sana ya dhoruba, yenye mkondo wa kupanda na mkondo wa kushuka, na haikuwa na ukweli wowote. Nilitafuta kosa katika programu kwa jioni mbili. Niligeuza alama za kujumlisha na kutoa, nikahesabu upya pembe zote, nikaandika upya sehemu ya awamu kuanzia mwanzo, na picha ikabaki palepale.

Kosa halikuwamo. Mwale unapoanza kuingia kwenye kitalu, nusu yake ya mbele ndiyo yenye mvua, ilhali nusu ya nyuma ingali tupu, na hivyo zile kasi za uongo za kupanda hazina za kushuka za kuzifuta. Unapotoka, hali hugeuka. Wataalamu wanalijua vyema tatizo hili la mwale usiojaa sawasawa, na dawa yake ni ya werevu kwa jinsi ilivyo nyepesi: hutazamwa namna ukali wa mwangwi unavyobadilika kutoka hatua moja hadi nyingine kando ya njia ya setilaiti, na kutokana na mteremko huo hukadiriwa ni kiasi gani cha kasi kinapaswa kuondolewa. Mwangwi ukiongezeka kwa haraka kuelekea mbele, punguza upandaji. Ukipungua, punguza ushukaji. Ila dawa hiyo hutibu tu mabadiliko yanayoonekana kwa vipimo vya mamia ya mita, na dhoruba kali huwa na mabadiliko madogo zaidi ya hapo ndani ya mwale mmoja.

Mtawanyiko uliobaki hupunguzwa kwa wastani. Setilaiti ikisogea mita 500 juu ya ardhi, CPR huwa imekusanya mipigo mia kadhaa, na wastani wa jozi zote hizo hutoa kasi iliyo karibu zaidi na ukweli kuliko jozi yoyote moja. Palipo na mwangwi hafifu haitoshi, na lazima wastani urefushwe. Lengo walilojiwekea wabunifu lilikuwa kosa lisizidi mita 1.3 kwa sekunde, kwa wastani wa kilomita 10 za njia, katika wingu lenye mwangwi wa kiasi. Anayesoma sharti hilo kwa mara ya kwanza anaweza kuliona legevu. Mimi naliona kali mno, nikikumbuka kwamba mtawanyiko wa kuanzia ni karibu mara tatu yake na kwamba kelele za kipokezi bado hazijahesabiwa.

Ukiielewa hesabu ya mwale, utaelewa pia kwa nini rada za mwanzo hazikujaribu kabisa. Setilaiti ya TRMM ya Marekani na Japani, iliyorushwa Novemba 1997, ilibeba rada ya kwanza ya mvua angani. Ilitumia gigahezi 13.8, wimbi la zaidi ya sentimita 2, na kwa antena ya ukubwa wa mita 2 hivi mwale wake ulikuwa na upana wa nyuzi 0.71, zaidi ya mara saba ya ule wa CPR. Kwa mwale huo mtawanyiko wa kasi za uongo huzidi mita 25 kwa sekunde, na mvua yenyewe haivuki mita 9. Ingekuwa kazi ya bure. Setilaiti ya GPM iliyoifuata Februari 2014 ilikuwa na rada mbili, ya gigahezi 13.6 na ya 35.5, nayo ilielekeza nguvu zake katika kujua ukubwa wa matone na kiasi cha mvua. CloudSat ya mwaka 2006 ilikuwa na wimbi la gigahezi 94 kama CPR, lakini haikuwa rada ya Doppler.

Kwa hiyo uchaguzi wa wimbi fupi ulikuwa wa lazima: kadiri wimbi linavyofupika, ndivyo mwale unavyokuwa mwembamba kwa antena ileile. Gharama yake ni kwamba wimbi la milimita 3.2 hufyonzwa sana na maji. Katika mvua nyepesi, manyunyu na theluji hupenya vizuri. Katika mvua kubwa hudhoofika kabla ya kufika chini, na ndani ya kiini cha dhoruba huruka kutoka chembe hadi chembe mara nyingi kabla ya kurudi, likichelewa njiani na kufika na awamu isiyoeleza chochote kuhusu kimo ambacho rada inadhani limetoka. Mahali penye vurugu kubwa zaidi, ambapo mtu angetamani sana kujua hewa inapanda kwa kasi gani, ndipo rada hii inaposema machache. Sioni kama ni dosari ya wabunifu. CPR ilijengwa kwa ajili ya mawingu, na mvua inayoiona ni ile nyepesi na ya wastani.

Kuna tatizo la pili ambalo halihusiani na mwale, nalo ni la ule mshale wa saa. Mshale ukionekana umezunguka robo tatu kwenda mbele, huwezi kuutofautisha na mshale uliozunguka robo kwenda nyuma. Kwa mipigo 7,000 kwa sekunde, kasi kubwa inayoweza kupimwa bila utata ni mita 5.6 hivi, kwenda juu au kwenda chini. Tone linaloshuka kwa mita 9 litasomwa kuwa linapanda kwa mita 2 na kidogo. Katika picha hujitokeza kama doa la rangi ya upandaji katikati ya mvua inayoshuka, na jicho la mtu hulitambua mara moja, ingawa kuifundisha kompyuta kulitambua bila kuharibu mikondo ya kweli ya kupanda ni kazi nyingine.

Mtu angeuliza: basi kwa nini mipigo isiongezwe? Kwa sababu mipigo ikikaribiana, mwangwi wa kilele cha wingu kutoka mpigo mmoja hukutana na mwangwi wa ardhi kutoka mpigo uliotangulia. Kina cha anga unachoweza kukitazama na kasi kubwa unayoweza kuipima huvutana, na zao la viwili hivyo hubaki lilelile kwa urefu wa wimbi uliouchagua. Kwa wimbi la milimita 3.2, ukitaka kuona kilomita 20 za anga unapewa mita 6 kwa sekunde. Ukiridhika na kilomita 16, unapata mita 7.5. CPR hubadilisha kasi ya mipigo yake kati ya 6,100 na 7,500 kadiri ya mahali ilipo na kina inachotakiwa kukitazama, kwa kuwa karibu na ikweta vilele vya mawingu huwa juu zaidi kuliko vilivyo karibu na ncha za dunia.

Tatizo la tatu ni la kuelekeza antena, na kwangu mimi ndilo la kutisha kuliko yote. Tuseme antena haikutazama chini wima bali imeinama mbele kwa nyuzi 0.01. Pembe hiyo ni ndogo kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuiona. Lakini sehemu ya mwendo wa setilaiti inayoingia kwenye mwale kwa sababu yake ni mita 1.3 kwa sekunde, zaidi ya kasi nzima ya theluji. Setilaiti hutoka kwenye kivuli cha dunia na kuingia juani katika kila mzunguko, chuma na viungo vyake hupata joto na kupoa, na antena hujipinda kwa viwango ambavyo fundi wa ardhini hawezi kuvipima na ambavyo hata vifaa vya setilaiti vya kujua mwelekeo wake havivioni, maana vifaa hivyo huujua mwelekeo wa chombo, wala si wa antena iliyojipinda juu yake.

Msaada unatoka chini. Uso wa dunia haupandi wala haushuki, na uso wa bahari, ukichukuliwa kwa wastani wa kilomita nyingi za mawimbi yanayopanda na kushuka, nao ni kama uliosimama. Rada huupata mwangwi wake wazi kabisa chini ya kila wingu ambalo halijaufunika. Kasi yoyote inayosomwa hapo ni kosa la mwelekeo, na inaweza kuondolewa katika safu nzima iliyo juu yake. Kosa hilo likifuatwa mzunguko baada ya mzunguko huonyesha mpangilio unaofuata jua, na kwa hiyo hata pale ambapo uso umefichwa na mvua kubwa, au ambapo milima huvuruga usomaji, linaweza kukadiriwa. Dunia nzima imegeuzwa kuwa alama ya sifuri.

Tuchukulie kwamba yote hayo yamefanikiwa na tunayo kasi safi. Kasi hiyo ni ya nini? Ni ya matone, si ya hewa. Tone linaloshuka mita 4 kwa sekunde kuhusiana na hewa, likiwa ndani ya hewa inayopanda mita 4, litaonekana limesimama. Rada hutoa namba moja tu, jumla ya mwendo wa hewa na mwendo wa chembe ndani ya hewa hiyo, na hakuna namna ya kuzitenganisha kwa namba hiyo peke yake. Katika mawingu mapana yaliyotulia hutumika dhana kwamba mikondo ya kupanda na ya kushuka hufutana ukichukua wastani wa eneo kubwa, na kinachobaki ni kasi ya kushuka ya chembe zenyewe. Kisha hutafutwa uhusiano kati ya kasi hiyo na ukali wa mwangwi. Katika dhoruba kali dhana hiyo haifai, lakini huko mkondo wa hewa huwa na nguvu kiasi cha kuifunika kasi ya chembe, na hata makadirio yasiyo kamili hueleza jambo.

Uchungu huu wote unalipa nini? Kwanza, kiasi cha mvua ni mwendo: ni wingi wa maji yaliyomo hewani mara kasi ya kushuka kwake. Rada isiyo na Doppler hukisia vyote viwili kutokana na ukali wa mwangwi, na ukali huo hudanganya. Kwa rada za wimbi refu, tone moja la milimita 2 hurudisha mwangwi sawa na matone 64 ya milimita 1, ilhali maji yake ni ya matone 8 tu. Kasi ya kushuka huwa shahidi wa pili kuhusu ukubwa wa tone. Pili, barafu iliyo kwenye mawingu ya juu huzuia joto lisitoroke kwenda angani na hurudisha mwanga wa jua, kwa hiyo muda inaokaa kule juu kabla ya kushuka huingia moja kwa moja katika hesabu za tabianchi, na kasi hiyo ya kushuka ni miongoni mwa mambo ambayo vielelezo vya kompyuta vimekuwa vikiyarekebisha kwa kukisia.

Wapo walioamua kuuzunguka ugumu wa Doppler. Mradi wa INCUS, uliochaguliwa na NASA mwaka 2021, umebuniwa kutumia setilaiti tatu ndogo zinazofuatana katika njia moja. Zimepangwa kupita juu ya dhoruba ileile zikiachana kwa sekunde 30, 90 na 120, na kinachopimwa si awamu bali badiliko la mwangwi kati ya mpito mmoja na mwingine: kilele kilichoinuka, kiini kilichokua. Wazo hilo linanivutia kwa sababu linaipuuza kabisa ile vita ya milimita. Hasara yake ni kwamba huonyesha wazi tu kile kilichobadilika vya kutosha ndani ya dakika moja au mbili, yaani dhoruba zenye nguvu. Lakini hizo ndizo hasa zinazoishinda CPR.

Wengine wanataka antena mbili katika chombo kimoja, moja mbele na nyingine nyuma, ili mpigo wa pili utumwe na antena ya nyuma inapofika hasa pale ilipokuwa ya mbele. Kwa rada ni kana kwamba haikusogea. Na upo mpango wa Ulaya uitwao WIVERN, ambao mwale wake hauelekei chini wima bali huinamishwa na kuzungushwa ili upate pia upepo wa mlalo ndani ya mawingu, katika ukanda wa kilomita 800. Hapo sehemu ya mwendo wa setilaiti inayopaswa kutolewa hufikia kilomita kadhaa kwa sekunde. Ule mvutano wa kina na kasi wanauepuka kwa kutuma mipigo miwili iliyotenganishwa kwa mikrosekunde 20 tu, mmoja ukitetemeka kwa wima na mwingine kwa mlalo ili isichanganyikane inaporudi, na kwa ukaribu huo kasi hadi mita 40 kwa sekunde hupimika bila utata.

Mwendo wa mlalo wa mvua, yaani dhoruba kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine, nimeuacha kando kwa makusudi. Rada zinazotazama chini haziuoni, na setilaiti ya namna hii hupita juu ya mahali kwa sekunde chache kisha ikaenda zake. Mkusanyiko wa takwimu za mvua wa NASA uitwao IMERG huujaza kwa njia nyingine, kwa kuisogeza mvua iliyopimwa kati ya mpito mmoja na unaofuata, nusu saa kwa nusu saa. Hilo linastahili makala yake.

Siku hizi faili za CPR zinapatikana kwa yeyote anayezitaka, na ninapofungua moja bado siendi moja kwa moja kwenye mvua. Kwanza nasoma maelezo ili kujua alama ya kujumlisha inamaanisha kupanda au kushuka, kwa kuwa katika fani hii wapo wanaofuata kila upande na nimekwisha kuipeleka theluji juu mara moja. Kisha nashuka hadi kwenye mstari wa bahari na kuangalia kasi yake. Ikiwa karibu na sifuri njia nzima, napanda polepole hadi kwenye ule mpaka mwembamba ambapo theluji huyeyuka, mahali ambapo kasi huongezeka mara kadhaa ndani ya mita mia chache, na ndipo ninapoanza kusoma.